Nani Tunamwita Aliyefanikiwa?



Mwaka jana darasa letu la Alhamisi baada ya Isha lilipewa mada iliyoandikwa ubaoni kwa chaki: mafanikio ni nini? Tulikuwa kama watu thelathini, kaka mbele na dada nyuma ya pazia, na haikupita hata robo saa tukawa tumekubaliana. Mali si mafanikio. Cheo si mafanikio. Mafanikio ni uchamungu na tabia njema. Ustadh alifurahi, akafunga kwa dua mapema kuliko kawaida, tukatoka. Tulikuwa bado tunatafuta viatu vyetu mlangoni mazungumzo yalipogeuka. Fulani aliyemaliza kitivo cha uchumi ameajiriwa na shirika la kimataifa, analipwa kwa dola, na ameshanunua gari. "Yule kafanikiwa," akasema mmoja wetu. Hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe sikubisha, tena nikasikia wivu kidogo.

Nimeanzia hapo kwa sababu tumezoea kuandika na kuhutubia juu ya jambo hili kana kwamba kuna watu wanaolipinga. Hakuna. Muulize mwanafunzi yeyote Muislamu hapa Bujumbura, atakujibu vizuri, kwa sababu jibu analo tangu madrasa. Kinachotushinda ni kwamba jibu hilo linabaki pale pale kwenye mkeka. Tukishavaa viatu, ulimi unasema kile ambacho moyo unakiamini.

Kwetu Buyenzi neno hili lina sura yake. Aliyefanikiwa ni yule aliyeleta kontena kutoka Dubai, aliyejenga nyumba ya ghorofa, aliyempeleka mama yake Hijja. Na mtaani kwetu huko huko yuko mzee ambaye ametengeneza magari ya watu kwa miaka mingi, na hakuna mtu anayeweza kusema kwamba aliwahi kumwekea kifaa kikuukuu akamlipisha bei ya kipya. Watu wanaacha magereji makubwa wanamfuata yeye. Huyo tunamwita nani? Tunamwita "mtu mzuri." Hakuna anayesema amefanikiwa. Tuna maneno mawili kwa watu wawili tofauti, na sote tunajua ni lipi tungependa kuitwa sisi. Mama akiombea mtoto wake dua, anaomba awe mtu mzuri. Mtoto akiota usiku, anaota lile la pili.

Na mara tano kwa siku mwadhini anatuita kwenye swala, kisha anatuita kwenye falah, yaani kufaulu, kufanikiwa. Sura ya al-Mu'minun inaanza kwa kutaja hao waliofaulu na kueleza sifa zao: unyenyekevu katika swala, kujiepusha na upuuzi, kutoa zaka, kujihifadhi, kutunza amana na ahadi. Sura ya ash-Shams nayo inasema, kwa maana, kwamba amefaulu aliyeitakasa nafsi yake. Sikusudii kutoa tafsiri hapa, wapo wanaostahiki. Naomba tu ndugu msomaji ushike neno moja katika orodha ile, neno amana, kwa sababu nitalirudia na halitakuwa jepesi kwangu.

Kabla ya hapo kuna pingamizi ambalo lazima nilitendee haki. Nilipokuwa najiandaa kuandika makala hii nilimweleza ndugu mmoja tunayesoma naye. Alinikatiza. "Maneno hayo ni matamu kwa aliyeshiba," alisema. "Mama yangu anauza ndagala. Anaamka saa kumi usiku kwenda kuwapokea wavuvi. Wadogo zangu watatu wanasubiri nimalize chuo ili nao walipiwe minervali. Sasa wewe ukiandika kwamba mali si kitu, unamtukana mama yangu."

Nilinyamaza, kwa sababu ana haki. Ipo namna ya kusifu tabia njema ambayo ni faraja ya walioshindwa: tumekosa kazi, tumekosa fedha, basi tujiambie kwamba tuna kitu bora zaidi. Ufukara hautoi cheti cha tabia. Njaa imewafanya watu wengi wema waseme uongo. Na mwenye kutafuta riziki ili mama yake apumzike kuamka saa kumi yuko katika ibada, wala hahitaji hotuba yetu.

Historia yetu wenyewe inakataa faraja hiyo ya bei rahisi. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara. Abdulrahman bin Awf (r.a.) alipofika Madina hana kitu, Mtume (s.a.w.) akamfanya ndugu wa Saad bin Rabi'i, mmoja wa matajiri wa Ansari. Saad akajitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdulrahman alimwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akauliza njia ya kwenda sokoni. Alianza na samli na jibini kavu. Hatimaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake, naye ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Kwa hiyo asiyetaka kuuliza njia ya sokoni asijifiche nyuma ya dini.

Lakini kuna siku moja katika maisha ya Abdulrahman ambayo hatuisimulii mara nyingi kama ile ya sokoni. Ameipokea Bukhari. Abdulrahman alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturu. Ni chakula cha mtu mwenye uwezo. Akamkumbuka Mus'ab bin Umayr. Mus'ab alikuwa kijana wa Makka aliyelelewa katika raha, wa nguo nzuri na manukato, akaviacha vyote aliposilimu. Aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria akiwa ameshika bendera. Walipotaka kumkafini hawakupata ila shuka moja: wakimfunika kichwa miguu inabaki wazi, wakimfunika miguu kichwa kinabaki wazi. Abdulrahman akasema kwamba Mus'ab ni bora kuliko yeye. Akamtaja na Hamza vilevile. Kisha akasema anachelea wao waliobaki wasije wakawa wamelipwa mema yao mapema, hapa hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula.

Hakuitupa mali yake siku ile. Hakusema mali ni najisi. Mbele yake palikuwa na chakula cha halali, kilichotokana na biashara ya halali. Kilichomliza ni hesabu: mimi niliyefanikiwa sokoni na yule aliyezikwa na shuka isiyomtosha, nani kafaulu? Yeye hakujipa jibu zuri. Na mimi nikisoma najiuliza, ni nani mwingine mezani pale angeweza kumfanyia hesabu hiyo? Hakuna. Wageni wangeona tajiri mchamungu anafuturu, wakasema mashaallah.

Huku ndiko nilikotaka kufika. Tukisema kwamba mafanikio ni tabia ya ndani, tunajifunga kwenye jambo ambalo sidhani tumelifikiria. Fedha inaonekana. Gari linaonekana. Kilicho ndani hakionekani. Basi siku tunapohamisha mafanikio kutoka nje kuyapeleka ndani, tunapoteza pia ruhusa ya kutangaza nani amefanikiwa na nani hakufanikiwa. Hatuwezi tena kusema yule wa dola kafanikiwa. Lakini pia hatuwezi kusema kashindwa. Hata yule mzee wa gereji, tunaona matendo yake na tunayapenda, ila kilichomo kifuani mwake ni baina yake na Mola wake. Wengi wetu tunapenda nusu ya kwanza ya habari hii, ile inayowashusha matajiri. Nusu ya pili hatuitaki.

Mwanachuoni aliyeifungua nusu hiyo ya pili mpaka mwisho ni Imam Ghazali (Allah amrehemu), na kisa chake kinatuhusu sisi wa vyuoni kuliko mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa maskini, msokotaji wa sufi, na kabla ya kufa aliwaacha Muhammad na mdogo wake Ahmad mikononi mwa rafiki yake na akiba kidogo. Akiba ilipokwisha, rafiki yule akawashauri waingie madrasa kwa sababu huko wanafunzi walipewa chakula. Yaani Hujjatul-Islam aliingia masomoni kwa ajili ya kula. Nasema hili kwa ajili ya wale wanaoona haya kwamba walikuja chuo kwa sababu ya posho.

Mwaka 484 (1091), akiwa na miaka thelathini na tatu hivi, waziri Nizam al-Mulk alimteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad. Zama zile hapakuwa na kiti cha elimu cha juu kuliko hicho kwa wanafunzi wa madhehebu ya Shafi. Mwenyewe anataja kwamba alikuwa na wanafunzi mia tatu. Makhalifa na mawaziri walimheshimu. Na alichokuwa akifundisha si upuuzi, ilikuwa sharia ya dini. Mtu wa Baghdad akiulizwa mafanikio yote mawili, ya dunia na ya Akhera, yamekutana kwa nani, angenyoosha kidole kwake.

Katika kitabu chake *al-Munqidh min al-Dalal* anaeleza kilichotokea. Alianza kujihoji: ninafundisha kwa ajili ya nani? Akaikagua nia yake akakuta haikuwa safi kwa ajili ya Allah. Kilichomsukuma kilikuwa cheo na kuenea kwa jina. Kuanzia Rajab 488 (1095) alikaa karibu miezi sita hajui aende au abaki. Asubuhi anaazimia kuondoka, jioni matamanio yanamrudisha. Halafu ulimi wake ukafunga. Alijilazimisha kufundisha walau siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi waliokuja kwake, na neno halikutoka. Chakula hakikushuka. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni ukaenea mwilini, na hautapona mpaka moyo utulie.

Aliondoka. Aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto. Aliaga kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni alikuwa amekusudia Sham, ili khalifa na marafiki wasimzuie. Damascus alijifungia mchana kutwa katika mnara wa msikiti. Miaka kama kumi ilipita kabla hajarudi kufundisha, safari hii Nishapur, mwaka 499 (1106). Alikufa Tus mwaka 505 (1111).

Sehemu inayonirudisha kwenye kitabu hicho kila mara ni fupi, na wasimuliaji wengi huiruka. Ghazali anaeleza watu wa Iraq walivyomwelewa. Walio mbali walidhani amekimbia kwa kuwaogopa watawala. Walio karibu na watawala waliona jinsi watawala walivyombembeleza abaki na yeye akikataa, wakasema hili ni jicho baya lililowapata Waislamu na wanazuoni. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuacha cheo kile kwa ajili ya dini, kwa sababu wote waliamini cheo kile ndicho kilele cha dini. Mji mzima wa wasomi ulimtazama mtu mmoja, wengine karibu kila siku, na hakuna hata mmoja aliyejua anashindwa wapi na anafaulu wapi.

Zingatia pia kwamba kilichomtesa Ghazali hakikuwa dinari. Alikuwa na mali na aliiacha, lakini ugonjwa wake ulikuwa sifa ya kuonekana mwema. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuhusu watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama: aliyeuawa vitani, msomi wa Qur'ani, na tajiri mtoaji. Wote watatu wana matendo ambayo sisi tungewatolea kama mifano katika ukurasa huu. Wote watatu wataingizwa motoni kwa kuwa walitenda ili wasemwe, na walisemwa. Tabia njema nayo inaweza kuwa bidhaa. Inaweza kupangwa dukani mbele, ikapigwa vumbi, ikauzwa.

Sasa nirudi kwenye neno amana.

Ramadhani ya mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Kulikuwa na sanduku la michango ya futari, la bati, lenye kufuli moja, na ufunguo ulikuwa kwangu. Siku ya tisa ya mfungo niligundua kwamba muda wa kulipia usajili wa mwaka unaisha kesho yake. Nilikuwa nasubiri fedha kutoka kwa mjomba, hazijafika. Nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa faranga 60,000. Nilizihesabu mara mbili, kama mtu anayefanya jambo la halali. Nikajiambia ni mkopo. Siku kumi na mbili baadaye fedha za mjomba zilifika, nikazirudisha zote. Hakuna siku hata moja futari ilipungua. Hakuna aliyejua.

Kwenye mkutano wa baada ya Iddi nilisoma hesabu, zikalingana hadi faranga ya mwisho. Mwenyekiti akasimama akasema jumuiya imepata al-Amin wake. Watu wakapiga takbiri. Nilipewa cheti chenye neno "uaminifu." Mama yangu alikitundika sebuleni karibu na picha ya Kaaba, na bado kiko pale.

Najua wapo watakaosema jambo lenyewe ni dogo, fedha zilirudi. Na mimi nilijiambia hivyo. Lakini muulize mwalimu yeyote wa fiqhi: mwenye kuwekewa amana hana haki ya kuitumia bila idhini, na nia ya kurudisha haimpi idhini hiyo. Kama mjomba asingetuma, watu wangefuturu nini? Nilicheza kamari na futari ya watu mia moja na ishirini. Ikatokea kwamba nilishinda.

Hata hivyo kilichonisumbua zaidi si zile siku kumi na mbili. Ni ile takbiri. Kwa sababu nilipoisikia, nilifurahi. Kwa muda wa dakika moja niliamini. Watu wote ukumbini walisema mimi ni mwaminifu, na hesabu zilikuwa pale mezani zinashuhudia, nikaona pengine ni kweli.

Ghazali katika *Ihya* anaeleza kwamba tabia ni hali iliyokita katika nafsi, matendo yakitoka humo kwa wepesi bila kufikiri sana. Anayetoa sadaka mara moja kwa sababu fulani iliyompitia hawezi kuitwa mkarimu, na anayejizuia kwa taabu bado hajafika. Kwa maelezo hayo nilielewa kwamba miaka yote niliyojiona mwaminifu sikuwa nimejaribiwa. Sikuwahi kuwa na ufunguo. Uaminifu wa asiye na ufunguo ni rahisi kama saumu ya aliyelala. Niliijua tabia yangu kwa mara ya kwanza siku ile nilipohesabu fedha zisizo zangu mara mbili, na mkono wangu haukutetemeka.

Pia anasema jambo la kutia moyo. Tabia hujengwa kwa kujilazimisha. Anayetaka kuwa mwandishi mzuri wa hati huiga mkono wa mwandishi hodari kila siku mpaka hati iwe yake. Ndivyo wavulana wa Buyenzi wanavyokuwa mafundi. Kwanza wanashika taa, halafu wanashika spana, wanakosea, wanapigwa kelele, na siku moja mkono unajua wenyewe nati imekaza kiasi gani. Basi haikuwa hukumu ya maisha. Ilikuwa habari ya mahali nilipofika.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Hakuwa mwenyekiti tena, lakini yeye ndiye aliyetamka lile neno. Nilimweleza. Akauliza, "Ulirudisha?" Nikasema ndiyo. "Zote?" Zote. Akakaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Basi kwa nini unaniambia?"

Nikamjibu kwamba ni kwa sababu mlinipigia takbiri.

Tulikwenda pamoja kwenye kamati mpya, nikaeleza, nikaomba msamaha kwa niaba ya wenye haki. Zaidi ya hapo sikuona wajibu wa kutangaza. Dini yetu haipendi mtu avue sitara ambayo Allah amemfunika nayo, na kuna ungamo ambalo ni riya iliyovaa kanzu nyingine: "mwoneni huyu alivyo mkweli juu ya uongo wake." Nilisita sana kuiandika makala hii kwa sababu hiyo. Kamati ndiyo iliyotaka iandikwe, kwa ajili ya watakaoshika sanduku baada yangu, na nimewaomba isiwekwe jina chini yake. Wanaonijua watanijua. Wasionijua wasinitafute.

Mtu mmoja wa kamati aliuliza jambo la maana sana. Kama yaliyo ndani hayaonekani, tutamchaguaje mweka hazina? Tutamchaguaje kiongozi, au mchumba? Ni swali la haki, na jibu lake liko kwa Sayyidna Umar (r.a.), aliyewaambia watu kwa maana kwamba zama za wahyi zimepita, sasa tunawachukulia kwa yanayodhihiri katika matendo yenu, na siri zenu hesabu yake iko kwa Allah. Tunamwamini mtu kwa yaliyo dhahiri ili kazi ziendelee. Hilo ni jambo moja. Kusema amefaulu ni jambo jingine, na hilo Umar hakujipa. Mwenye kuchagua mweka hazina anafanya kazi yake. Mwenye kumwita al-Amin, naogopa, anafanya kazi isiyo yake, na tena anamdhuru aliyeitwa. Natamani mikutano yetu ingepunguza vyeti.

Kiswahili chetu kina neno muflisi, na kule Buyenzi tunalitumia kwa mwenye duka aliyefunga milango akiwakimbia wadai. Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba muflisi ni nani, wakajibu kama ambavyo sisi tungejibu: asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawaambia kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine, na mema yake yakagawanywa kwa wadai mpaka yakaisha. Anakuja na mzigo mkubwa. Anayemtazama kwa mbali angesema huyu kafanikiwa. Tofauti ya muflisi huyu na yule wa Buyenzi ni kwamba wadai wake hawaonekani mapema.

Yule ndugu wa mama muuza ndagala nilimpa makala hii aisome kabla haijachapishwa. Alisema sehemu ya Abdulrahman iwe ndefu zaidi na sehemu yangu iwe fupi. Pengine ana haki tena. Alisema pia kwamba akipata kazi ya dola ataichukua, na nikamwambia hata mimi.

Kamati haikunifukuza. Waliamua sanduku liwekwe kufuli mbili na funguo zikae kwa watu wawili. Ufunguo mmoja anao mweka hazina mpya, dada wa mwaka wa pili kitivo cha sheria. Wa pili wakanipa mimi. Nilikataa. Katibu akasema, "Nani hapa anajua zaidi yako sanduku lile linavyovuta?" Nikaupokea.

Ijumaa iliyopita tulihesabu, dada yule pamoja na mwenzake upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili. Zilipungua faranga 500. Tukahesabu upya, zikapungua tena. Hakuna aliyenitazama, na nilishukuru kwa hilo. Mara ya tatu mwenzake aliligeuza sanduku, akaligonga chini kwa kiganja. Noti ilikuwa imenasa kwenye mshono wa bati.